Maswali ya Wasomaji: Nyumba za Nafuu ya Kodi Marekani, na Pango Lisiloshuka

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mji mmoja, Bowling Green, katika jimbo la Kentucky. Ni mji mdogo, wenye watu kama 72,000 kwa sensa ya 2020, na miongoni mwa Wakongo wanaoishi huko wapo waliopitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka. Jamaa zao waliobaki Uganda wanaletewa malalamiko ya nyumba kwa simu, nao wanatuletea sisi. Mifano ya hesabu iliyomo humu ni ya kufundishia tu. Jedwali halisi la vipato hutolewa kila mwaka na wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, na kila kaunti ina lake.

Dada yangu, mumewe na watoto wawili wanakaa kwenye nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini. Shemeji kapunguziwa saa kazini tangu Januari, lakini renti haijashuka hata senti. Waliambiwa renti ni asilimia 30 ya kipato. Meneja anawaibia? (Dada mkubwa, Nakivale)

Hawaibii, dada, ila aliyewaeleza aliwaeleza nusu. Kwanza, hizo si nyumba za serikali. Mwenye jengo ni kampuni binafsi au shirika lisilo la faida, lililojenga kwa kutumia nafuu ya kodi iliyowekwa na sheria ya kodi ya mwaka 1986, kifungu cha 42. Serikali haikuzijenga, haizimiliki na haikusanyi pango. Ilichofanya ni kusamehe kodi, na mwenye jengo akakubali kufungwa na masharti ya nani aingie na pango lisizidi kiasi gani.

Hiyo asilimia 30 ipo kweli, lakini si ya kipato cha shemeji yako. Ni ya kipato kilichoandikwa kwenye jedwali la kaunti. Tuseme jedwali linasema kikomo cha familia ya watu 4, kwa kiwango cha asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo (nusu ya familia wako juu yake, nusu chini), ni dola 48,000 kwa mwaka. Kwa watu 3 kikomo kinakuwa asilimia 90 ya hapo, yaani 43,200. Kwa watu 5 ni asilimia 108, yaani 51,840. Sheria inahesabu kwamba kila chumba cha kulala kina mtu mmoja na nusu, hata kama wamelala wanne. Nyumba ya vyumba viwili basi inahesabiwa kama ya watu watatu: 43,200 mara asilimia 30, gawa kwa miezi 12, unapata 1,080. Ya vyumba vitatu ni watu wanne na nusu, kwa hiyo unachukua katikati ya 48,000 na 51,840, yaani 49,920, na pango la juu kabisa linakuwa 1,248.

Ndani ya dola hizo 1,080 umo na umeme, maji na gesi. Kama dada yako analipa umeme mwenyewe, mwenye jengo lazima atoe makadirio ya gharama hiyo. Makadirio yakiwa 130, pango lenyewe lisizidi 950. Hapa ndipo makosa ya kweli hutokea: makadirio yanatakiwa kupitiwa kila mwaka, na umeme ukipanda bila karatasi ile kubadilishwa, mpangaji anatozwa zaidi ya kikomo bila mtu kujua. Kupita kikomo hata kwa dola moja ni kosa kwa mwenye jengo. Dada yako aombe karatasi ya makadirio ya mwaka huu, aangalie tarehe yake, kisha ajumlishe na pango analolipa.

Kwa hiyo shemeji akipunguziwa saa, pango linabaki palepale, na HUD ikitoa jedwali jipya lenye vipato vikubwa zaidi, pango linaweza kupanda mkataba unapofanywa upya ingawa mshahara wake haukupanda. Msaada unaofuata mfuko wa mtu ni vocha ya nyumba, ile inayoitwa Section 8. Mwenye vocha hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake mwenyewe na mamlaka ya nyumba humalizia. Mwenye jengo la nafuu ya kodi haruhusiwi kumkataa mtu kwa sababu tu ana vocha. Foleni yake ni ndefu na mara nyingi imefungwa, lakini jina lisiloandikwa halifikiwi kamwe. Wakati wanasubiri, waulize kama jengo hilo lina nyumba zilizopangiwa kiwango cha asilimia 50 au 40. Majengo mengi huwa nazo chache, na pango lake la juu liko chini zaidi.

Kaka yangu ana familia ya watu sita. Ameomba nyumba hizo akakataliwa kwa dola chache tu, eti kipato kimezidi. Anatutumia dola 400 kila mwezi kwa ajili ya matibabu ya baba. Kwa nini hawakuzitoa? Na je, angeandika kwamba hafanyi ovataimu? (Msomaji, Rubaga)

Pesa anazotuma nyumbani hazitolewi. Wala kodi anayokatwa, wala deni la gari. Kinachohesabiwa ni mshahara kamili kabla ya makato, wa kila mtu mzima aliyemo nyumbani, na si wa mwaka uliopita bali unaotarajiwa katika miezi 12 ijayo. Mshahara wa mtoto aliye chini ya miaka 18 hauhesabiwi. Msaada wa chakula hauhesabiwi. Malipo ya ulemavu na fedha taslimu za ustawi wa jamii zinahesabiwa, na hata pesa anazopewa mara kwa mara na ndugu zinahesabiwa kama kipato.

Hujatuandikia mishahara yao, basi tutumie jedwali letu la mfano. Kikomo cha watu sita ni asilimia 116 ya kile cha watu wanne, yaani 55,680. Baba analipwa dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki, wiki 52: dola 35,360. Mama anafanya nusu siku kwa malipo yaleyale: 17,680. Jumla 53,040, wanaingia. Sasa ongeza saa tano tu za ovataimu kwa wiki, zinazolipwa mara moja na nusu, yaani 25.50 kwa saa. Kwa mwaka ni 6,630, na jumla inafika 59,670. Wamezidi kwa 3,990. Ungetoa zile 4,800 zinazokuja Rubaga kwa mwaka wangepita, na tunaelewa uchungu wake, lakini fomu haina mstari huo.

Kuandika uongo tusahau. Meneja huomba hati kadhaa za mshahara zinazofuatana, na kwenye kila hati kuna jumla ya malipo tangu Januari. Anaigawa kwa idadi ya wiki, na ovataimu inajitokeza yenyewe. Kisha anamwandikia mwajiri. Fomu ya kuthibitisha kipato husainiwa kwa kiapo, na ikija kugundulika, familia inatolewa kwenye nyumba na aliyesaini anaweza kushtakiwa.

Njia ya halali ni kuangalia kama ovataimu ile ni ya kudumu. Viwanda vingi hupandisha saa kwa msimu. Kama msimu umeisha, mwajiri aandike hivyo waziwazi: saa ngapi kwa wiki kuanzia sasa, ovataimu ipo au haipo, hadi lini. Barua yenye maneno "saa hubadilika" haisaidii kitu, kwa sababu meneja akiwa na shaka atachukua hesabu kubwa zaidi. Uthibitisho huo hudumu siku 120. Ukizeeka kabla nyumba haijapatikana, wanaanza upya, na kipato cha mwezi ule ndicho kitakachoamua. Tumeona watu wakipoteza nafasi kwa sababu walipeleka hati mapema mno, nyumba ikachelewa, na ikapatikana Novemba, katikati ya msimu wa kazi nyingi.

Kuna na mlango wa pili. Tangu 2018 sheria inaruhusu jengo kuwa na nyumba za viwango mchanganyiko, kuanzia asilimia 20 hadi 80, mradi wastani usizidi 60. Kwenye jedwali letu asilimia 80 kwa watu sita ni 74,240, na kaka yako angeingia bila wasiwasi, ingawa kwa pango kubwa zaidi. Si majengo yote yaliyochagua utaratibu huo, kwa hiyo lazima aulize.

Akishaingia, hali inabadilika kabisa. Kipato kikipanda hafukuzwi. Hata kikivuka asilimia 140 ya kikomo, yaani 77,952 kwenye mfano wetu, anabaki. Mzigo unakuwa wa mwenye jengo: nyumba inayofuata kuwa wazi, yenye ukubwa huohuo au mdogo, lazima ampe mwenye kipato kinachostahili. Kwa hiyo mama akitaka kuongeza saa za kazi, aongeze baada ya kuingia.

Lazima uwe raia wa Marekani? (Kijana, Jinja)

Kifungu cha 42 hakina sharti la uraia. Vocha na nyumba za mamlaka ya nyumba ndizo zenye sharti la hadhi ya uhamiaji, na mkimbizi aliyepokewa kisheria ni mmoja wa wanaokubaliwa. Lakini kampuni inayosimamia jengo ina vigezo vyake vya kuchuja wapangaji, kama historia ya madeni na ya upangaji. Mgeni asiye na historia yoyote aulize kabla ya kulipa ada ya maombi kama wanapokea barua ya shirika lililompokea, kwani ada ile kwa kawaida hairudishwi.

Wanangu wawili wanasoma Chuo Kikuu cha Western Kentucky na walitaka kupanga pamoja. Wote wana kipato kidogo sana, lakini wamekataliwa. (Mzazi, Mbarara)

Wamekataliwa kwa sababu ya shule, si kwa sababu ya pesa. Nyumba ambayo kila aliyemo ni mwanafunzi wa muda wote haistahili nafuu hii. Na mwanafunzi wa muda wote hapa ni yeyote aliyesoma hivyo katika sehemu ya miezi mitano ya mwaka wa kalenda, hata kama miezi haifuatani. Aliyemaliza Mei bado anahesabiwa hadi Desemba.

Sheria ina misamaha mitano: wanandoa wenye haki ya kujaza fomu ya kodi kwa pamoja, mzazi mmoja na watoto wake, kama yeye si tegemezi wa mtu mwingine na watoto hawategemei mtu mwingine isipokuwa mzazi wao, anayepokea fedha za ustawi wa familia, aliye kwenye mafunzo ya kazi yanayofadhiliwa na serikali, na aliyewahi kulelewa chini ya mfumo wa watoto wa kulea. Ndugu wawili hawamo. Mmoja wao akipunguza masomo yawe ya muda nusu, au wakikaa na mtu mmoja asiye mwanafunzi, tatizo linaisha. Ila mtu huyo akihama baadaye, tatizo linarudi siku hiyohiyo. Msaada wa masomo nao una masharti yake, kwa hiyo apige hesabu ya ada kabla ya kupunguza vipindi.

Mimi ni mhasibu. Nimesoma kwamba nyumba hizi hujengwa kwa kodi isiyolipwa. Kodi isiyolipwa inanunuaje saruji? (Kampala)

Hainunui mpaka iuzwe. Kila jimbo hupewa fungu la nafuu kwa kichwa cha mtu. Mwaka 2025 ilikuwa dola 3 kwa kila mkazi, na kwa Kentucky, yenye watu milioni 4.5 na ushee, hiyo inazidi kidogo dola milioni 13. Kentucky Housing Corporation, shirika la jimbo lililoko Frankfort, hutangaza mpango wenye alama: mahali, huduma zilizo karibu, gharama, wapangaji watakaohudumiwa. Wenye miradi wanashindana, na wengi hukosa. Angalau asilimia 10 ya fungu lazima iende kwa miradi ya mashirika yasiyo ya faida.

Chukua mradi wa nyumba 40 wenye gharama ya dola milioni 10. Kiwanja hakihesabiwi, na baadhi ya gharama za mkopo nazo hazihesabiwi. Tuseme kinachohesabiwa ni milioni 8.8, na nyumba zote 40 ni za kipato cha chini. Kwa nafuu ya asilimia 9, mwekezaji anapunguziwa kodi 792,000 kila mwaka kwa miaka 10, jumla 7,920,000. Mwenye mradi hana kodi ya kiasi hicho, kwa hiyo anaunda ubia. Mwekezaji, mara nyingi benki, anachukua asilimia 99.99 ya ubia na nafuu yote, naye anatoa fedha sasa. Akilipa senti 84 kwa kila dola ya nafuu, mradi unapata 6,652,800. Benki huzipenda kwa sababu mbili: zinapunguza kodi, na zinasaidia kutimiza wajibu wao chini ya sheria ya 1977 inayozitaka zihudumie maeneo yao, yakiwemo ya wenye kipato cha chini. Lakini bei haitulii. Kodi ya makampuni iliposhushwa hadi asilimia 21 kuanzia 2018, thamani ya kupunguziwa kodi ilishuka nayo.

Zimebaki 3,347,200. Hapa ndipo mji mdogo unapoumia. Pango la wastani likiwa 850, nyumba 40 zinaleta 408,000 kwa mwaka. Toa asilimia 7 ya nyumba zitakazokaa wazi, zinabaki 379,440. Toa gharama za uendeshaji na akiba ya matengenezo, tuseme 6,000 kwa nyumba, zinabaki 139,440. Benki inataka faida hiyo izidi marejesho ya mkopo mara 1.2, kwa hiyo marejesho yasizidi 116,200 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 6.5 na miaka 30, hiyo inabeba mkopo wa kama milioni 1.53 tu. Bado kuna pengo la milioni 1.8. Hujazwa kwa fedha za serikali kuu za programu ya HOME, ruzuku za benki za mikopo ya nyumba, msaada wa manispaa, na mwenye mradi kukubali sehemu ya ada yake ilipwe baadaye, kidogokidogo, kutokana na pango. Kila mfuko una fomu yake, mwanasheria wake na tarehe yake ya mwisho.

Ipo nafuu ya pili, ya asilimia 4, inayokuja pamoja na hati fungani zisizotozwa kodi. Ushindani wake kwa kawaida ni mdogo, na watu hudhani ni njia rahisi. Kwenye mradi wetu ingeleta milioni 2.96 badala ya 6.65, na pengo lingekuwa zaidi ya milioni 5. Ongeza gharama za kutoa hati fungani, ambazo hazipungui sana kwa sababu mradi ni mdogo. Ndiyo maana majengo makubwa ya miji mikubwa hutumia ya 4, na mji kama Bowling Green unaitegemea zaidi ya 9.

Kinachovunja miradi ni saa. Ndani ya miezi 12 tangu kupewa nafuu lazima mradi uwe umetumia asilimia 10 ya gharama inayotarajiwa. Na jengo lazima liwe tayari kutumika kabla ya mwisho wa mwaka wa pili baada ya mwaka wa kupewa. Mwekezaji naye halipi kwa mkupuo: anatoa kiasi wakati wa kusaini, kiasi ujenzi ukifika nusu, kiasi ukimalizika, na cha mwisho nyumba zikishajaa na karatasi za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, zikishatoka. Mvua ikichelewesha ujenzi miezi mitatu, riba ya mkopo wa ujenzi inaendelea kula.

Kwa miaka 15 ya kwanza, masharti yakivunjwa, mwekezaji anaweza kutakiwa kurudisha sehemu ya nafuu pamoja na riba. Jimbo hukagua mafaili angalau mara moja kila miaka 3, na kosa huripotiwa IRS kwa fomu namba 8823. Hapo utaelewa kwa nini meneja yule wa kaka wa Rubaga alikomalia hati za mshahara: faili moja bovu linamgharimu zaidi ya nyumba moja iliyokaa wazi.

Kikundi chetu cha akiba kimeletewa tangazo: tununue "nafuu ya kodi ya nyumba Marekani" kwa dola 500 kila mmoja, faida ya miaka 10 imehakikishwa. (Katibu, Mbale)

Msitoe hata shilingi. Nafuu hii inapunguza kodi ya serikali kuu ya Marekani, basi. Asiye na kodi ya Marekani ya kulipa hana cha kupunguza. Hata Mmarekani wa kawaida hubanwa na kanuni za mapato yasiyo ya kazi, kiasi kwamba nyingi hununuliwa na makampuni makubwa. Haigawanywi kwa vipande vya dola 500, wala haiuzwi kwa ujumbe wa simu.

Nina mizigo (vyumba) minane ya kupangisha Kireka. Kwa nini Uganda isifanye hivyo? Nisamehewe kodi, nami nishushe renti. (Mwenye nyumba, Wakiso)

Tuipigie hesabu, mzee. Tuseme kila muzigo ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka vyote vinane ni 14,400,000. Kodi ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kinachozidi 2,820,000, kwa hiyo unadaiwa 1,389,600. Ukisamehewa yote, ukaigawa kwa vyumba vinane na miezi 12, kila mpangaji anapungukiwa kama 14,500. Kwa miaka kumi mizima msamaha wako haufiki milioni 14. Kwa fedha hizo hujengi mizigo mingine minane.

Nafuu ya Marekani ina nguvu kwa sababu inahamishika kwenda kwa mwenye kodi kubwa, na kwa sababu inalipwa na hazina ya taifa tajiri. Hapa ingebidi sheria iruhusu benki zinazolipa asilimia 30 ya faida zao ziinunue, na hazina yetu ikubali kupungukiwa miaka kumi mfululizo. Na kuna jambo ambalo tunaliona gumu kuliko hilo: kuthibitisha kipato. Mfumo wote unasimama juu ya hati ya mshahara. Mwendesha bodaboda wa Kireka na mama wa rolex (chapati na mayai) hawana hati hiyo, na mfumo ukiwataka wawe nayo, wataingia makarani wa ofisini na wao watabaki nje. Kwa sasa kinachomlinda mpangaji wako ni sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022, isiyokuruhusu kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Mama anatarajia kujiunga na mdogo wangu huko. Aingie tu, au kuna utaratibu? (Kyangwali)

Asiingie kimyakimya. Mtu mzima asiyeandikwa kwenye mkataba ni kosa la mkataba, na sheria ya kutofukuzwa bila sababu ya msingi, ambayo inawalinda wapangaji wa nyumba hizi, haimlindi aliyevunja mkataba. Mdogo wako amwandikie meneja kabla mama hajafika. Kipato cha mama, kama anacho, kitajumlishwa. Idadi ya watu ikiongezeka na kikomo kinapanda, kwa hiyo mama asiye na kipato kwa kawaida hamharibii mtu hesabu. Waangalie pia idadi ya juu ya watu kwa vyumba iliyomo kwenye mkataba. Jambo moja la kukumbuka baadaye: mdogo wako akihama na kumwachia mama nyumba, mama anaweza kuhesabiwa kama mpangaji mpya na kulazimika kustahili mwenyewe.

Jengo analokaa mwanangu linasemekana "linatoka kwenye programu". Maana yake nini kwake? (Baba, Arua)

Masharti ya nafuu huchukua angalau miaka 30: ile 15 ya kwanza yenye adhabu ya kodi, na 15 ya nyongeza inayosimamiwa na mkataba wa jimbo na mwenye jengo. Majimbo mengine hudai zaidi. Yakiisha, mwenye jengo anaweza kutoza bei ya soko. Mkataba ukikatizwa kabla ya muda, kwa benki kuliuza jengo kwa deni au kwa jimbo kushindwa kupata mnunuzi ndani ya mwaka mmoja tangu mwenye jengo aombe kutoka, wapangaji waliomo wanalindwa miaka 3: hawafukuzwi bila sababu ya msingi na pango halivuki kikomo. Lakini kinga hiyo ni ya mkataba uliokatizwa. Ukifika mwisho wake wa kawaida, mwanao asiitegemee, asome mkataba wake wa kupanga unaisha lini.

Asichukue neno la jirani. Mkataba wa masharti umeandikishwa pamoja na hati za ardhi kwenye ofisi ya karani wa kaunti, na mtu yeyote anaweza kuomba kuuona. Njia fupi zaidi ni kumuuliza meneja namba ya utambulisho wa jengo. Inaanza na herufi mbili za jimbo, kisha tarakimu mbili za mwaka lilipopewa nafuu, kisha tarakimu tano. Ikiwa ni KY-95 na kuendelea, lilipewa 1995. Miaka 30 haianzi hapo, inaanza mwaka wa kwanza mwekezaji alipodai nafuu: akidai 1997, masharti yanafika mwisho wa 2026. Na jengo likiwa limekarabatiwa kwa nafuu mpya litakuwa na namba ya pili yenye mwaka wa karibuni, kwa hiyo aulize kama namba aliyopewa ni ya mwisho.